Wito kwa wakazi wa Tabora: tuunde kikundi cha kujitolea cha kupogoa miti ya kivuli na ya mapambo

MLETA UZI (Kanyenye)

Wanajukwaa, salaam. Nawaandikia hasa ninyi mnaoishi katika Manispaa ya Tabora, kuanzia Kanyenye na Gongoni hadi Cheyo, Isevya, Ipuli na Kiloleni, ingawa hoja yenyewe inamgusa kila mwenye mti uani kwake. Napendekeza tuunde kikundi cha wakazi wa kujitolea chenye kazi moja tu: kujifunza kupogoa miti ya kivuli na ya mapambo inavyotakiwa, kuipogoa ile ya maeneo ya umma tutakayoruhusiwa kuigusa, na kuwafundisha majirani waitunze ya kwao. Sipendekezi kikundi cha kupanda miti. Miche hupandwa kila msimu wa mvua, mashuleni na maofisini, na hilo ni jema. Wanaokosekana ni watu wa kuusimamia mti ukishashika, hasa pale unapoanza kugusa paa, ukuta au nyaya.

Mji huu ulikuwa na miembe kabla haujawa na reli. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipumzika hapa, na reli ilipofika mwaka 1912 ilikuta kivuli tayari. Mwaka 2006 Tanzania iliiingiza Njia ya Kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu katika orodha yake ya awali ya maeneo yanayopendekezwa kuwa Urithi wa Dunia, na Kwihara, mwendo mfupi kutoka hapa mjini, ni miongoni mwa vituo vilivyotajwa. Miembe iliyo kando ya njia hiyo ni kumbukumbu hai ya watu waliopita wakiwa wamefungwa minyororo, na mimi sioni kwa nini tuitendee kana kwamba ni kuni zilizosimama. Baadaye zikaja aina nyingine: mijohoro, mikrismasi, mijakaranda, miarobaini, na siku hizi ashoki zinazopangwa kwa mistari mbele ya nyumba mpya.

Mnajua kinachotokea. Mti ukionekana mrefu, anatafutwa kijana mwenye panga, anapanda, anakata kila tawi katika kimo kimoja, anashuka, analipwa. Unabaki mti wenye vigutu vinne au vitano vilivyoelekea juu, na mwenye nyumba anaridhika kwamba hatari imeondoka. Hatari haijaondoka; imeahirishwa na kuongezwa. Mti hutengeneza chakula chake kwa majani, kwa hiyo ukiyaondoa yote kwa siku moja unaulazimisha utumie akiba iliyo ndani ya shina na mizizi ili utoe majani mapya upesi. Ndiyo maana baada ya mvua za kwanza kila kigutu huchipua rundo la machipukizi yaliyosimama wima. Machipukizi hayo hayakutoka ndani ya mbao kama tawi la asili. Yamejishika kwenye tabaka la nje tu, na chini yake kigutu kinaendelea kuoza kutokea juu, kwa kuwa hakina tawi hai la kukilisha na kukifunga. Miaka michache baadaye mti umerudi katika kimo kilekile, lakini sasa umebeba fito nene zilizosimama juu ya mbao iliyooza. Upepo unaotangulia mvua za Novemba ukivuma, hizo ndizo zinazoangukia bati. Pia gome lililozoea kivuli cha majani yake lenyewe linaachwa wazi kwa jua letu la Septemba na Oktoba, nalo hubabuka na kupasuka.

Kikundi kama hiki hakitakuwa kitu kigeni duniani. Mwaka 1987 mtunza bustani mmoja wa Seattle, Marekani, Cass Turnbull, alianzisha PlantAmnesty, chama kilichojipa kazi ya kukomesha ukatwaji mbaya wa miti, na silaha yake kubwa ikawa elimu kwa wenye nyumba na kwa wakataji wenyewe. Huko New York raia wa kawaida husomeshwa, hutahiniwa na kupewa leseni ya kupogoa miti ya barabarani kwa zana za mkono, miguu yao ikiwa ardhini. Mpangilio huu wa pili ndio ninaoutamani kwetu: masomo kwanza, kibali baadaye, na mipaka inayojulikana ya nini mtu wa kujitolea haruhusiwi kugusa.

Naomba maoni, na wenye pingamizi wayaseme wazi.

MCHANGIAJI WA ISEVYA

Ndugu mleta uzi, nimekusoma kwa makini na nakubali mengi, ila mimi ni mmoja wa hao unaowasema. Mwembe wa jirani yangu ulidondosha tawi juu ya jiko letu usiku wa mvua, na Mungu akasaidia hapakuwa na mtu. Tulipokubaliana ukatwe kichwa, tuliona hiyo ndiyo njia ya usalama. Kama si kukata kichwa, tunafanya nini na mti uliozidi kimo cha nyumba? Maneno ya akiba ya chakula hayamsaidii aliyelala chini ya tawi.

MLETA UZI

Ndugu yangu wa Isevya, pole sana kwa yaliyowafika, na nashukuru umelileta swali ambalo bila jibu lake kikundi hakina maana. Usalama ndio uanze. Mti uliooza shinani, uliojaa uyoga kwenye mizizi au ulioanza kuinama na ardhi ikapasuka upande wa pili, hautibiwi kwa kupogolewa. Uondolewe wote kwa utaratibu wa halmashauri na upandwe mwingine mbali zaidi na nyumba. Napenda miti, lakini sitautetea mti wa namna hiyo juu ya chumba wanacholala watoto.

Miti mingi haijafika huko. Kwa mwembe wenye shina zima, kazi ya kwanza ni kutoa matawi makavu, ambayo mara nyingi ndiyo yanayoanguka. Ya pili ni matawi yanayosuguana, kwa kuwa pale yanapogusana gome hutoboka na uozo huingia. Ukishafanya hayo mawili, simama chini uutazame mti upya kutoka pande zote, na mara nyingi utakuta umebakiwa na kazi ndogo kuliko ulivyodhani. Kama bado kuna tawi refu linaloelekea jikoni, halikatwi katikati. Linafuatwa kurudi nyuma hadi lilipozaa tawi dogo linaloelekea upande usio na madhara, lenye unene usiopungua theluthi moja ya lile linalopunguzwa, na hapo ndipo msumeno unapopita. Tawi dogo lililobaki litaendelea kuvuta maji na kukilisha kidonda, na mti utakuwa umefupishwa bila kukatwa kichwa. Jumla ya majani yanayoondolewa kwa msimu mmoja isizidi robo ya mti, na kwa mwembe mzee iwe chini ya hapo. Kama robo haitoshi, kazi igawanywe katika misimu miwili au mitatu.

Sasa niseme kuhusu mahali penyewe pa kukata, maana hapa ndipo moyo wa jambo hili ulipo. Nenda kwenye mti wowote wa makamo uangalie tawi linapotokea shinani. Juu ya kiungo utaona mkunjo wa gome, mweusi kidogo, na chini yake utaona uvimbe unaokizunguka kitako cha tawi. Kwenye mwembe uvimbe huo unashikika kwa kiganja. Mimi nauita shingo ya tawi. Uvimbe huo ni mali ya shina. Alex Shigo, mtafiti wa idara ya misitu ya Marekani, alitumia miaka mingi akipasua miti kwa urefu wake ili aone uozo unapita wapi, na mwaka 1977 yeye na Harold Marx walichapisha maelezo ya namna mti unavyojilinda: haujazi tishu mpya mahali palipoharibika kama ngozi yetu inavyofanya, bali hujenga kuta ndani ya mbao kulizunguka eneo lililoharibika, kisha hukua juu yake na kulifungia humo. Uwezo mkubwa wa kujenga kuta hizo uko shingoni. Ukikata ndani ya shingo, ukisawazisha na shina ili papendeze, umeiondoa ngome yenyewe na umefungua kidonda kwenye shina. Ukiacha kigutu kirefu, kitakauka na kuoza, na mti hautaweza kupafunga mpaka kigutu kiondoke. Unakata nje kidogo ya uvimbe, na unauacha uvimbe ulivyo.

Unaweza kulithibitisha hili bila kukata chochote. Pita mtaani utazame makovu ya zamani. Palipokatwa vizuri, mbao mpya huja kutoka pande zote kama duara linalojifunga kuelekea katikati. Palipokatwa ndani ya shingo, mbao mpya huja kutoka kushoto na kulia tu, na kovu hubaki na umbo la jicho, juu na chini pakiwa wazi au peusi.

Tawi zito linakatwa mara tatu. Mkato wa kwanza unaanzia chini ya tawi, mbali kidogo na shina, na unaingia hadi karibu theluthi ya unene. Wa pili unatoka juu, nje zaidi ya ule wa kwanza, na huo ndio unaoliangusha tawi. Bila ule wa chini, tawi likianguka huchuna gome la shina na kushuka nalo, na hilo ni jeraha baya kuliko yote. Wa tatu unaondoa kigutu kilichobaki, nje ya shingo, bila haraka, kwa kuwa uzito umeshaondoka. Na tafadhali, tusipake rangi wala oili chafu kwenye kidonda. Hazizuii uozo, na huweza kubakiza unyevu unaowafaa vimelea.

MCHANGIAJI WA CHEYO

Kaka, asante kwa maelezo. Mimi ni mama mwenye nyumba na nina mkrismasi mbele, bogenvilia ukutani na ua wa minyaa nyuma. Kila mtu ananiambia mwezi wake wa kukata. Naomba unieleze wakati unaofaa, na kama kikundi kitapokea wanawake, mimi nipo, maana kazi ya kutunza ua tunaifanya sisi.

MLETA UZI

Dada wa Cheyo, karibu sana, na napendekeza usiwe mwanachama tu bali uwe miongoni mwa watakaofundisha, kwa sababu anayeuona mti kila asubuhi anaujua kuliko anayeitwa siku moja na ngazi yake.

Mkrismasi wako unachanua kuelekea Desemba, kwa hiyo usiuguse kabla maua hayajaanguka. Mbao yake ni nyepesi na hukatika bila onyo, na matawi yake hupenda kugawanyika kwa pembe nyembamba, gome likibanwa katikati ya matawi mawili yanayolingana unene. Kiungo cha namna hiyo ndicho kitakachopasuka. Dawa ni kuanza mti ungali mdogo: chagua shina moja liongoze, punguza mpinzani wake mapema, na ondoa matawi ya chini kidogo kidogo kila mwaka badala ya kuyafyeka kwa mkupuo. Ukikumbuka kwamba mkrismasi hutanua matawi na mizizi kwa upana mkubwa, utaona pia kwamba mti uliopandwa hatua mbili kutoka ukutani utakuwa na ugomvi na nyumba maisha yake yote, na hapo mkasi hauna la kufanya.

Bogenvilia huchanua kwenye machipukizi mapya, hivyo ikatwe baada ya wimbi la maua kuisha. Hiyo ni mvumilivu, wala usiihurumie sana. Vaa glavu nene kwa ajili ya miiba.

Kwa minyaa nakuomba uwe mwangalifu kuliko kwa kitu kingine chochote uani. Utomvu wake mweupe ukiingia jichoni huunguza vibaya na unaweza kumpofusha mtu kwa muda, na kwa kuwa minyaa hukatwa kwa panga, matone huruka usawa wa uso. Vaa miwani inayofunika pembeni na mikono mirefu, waondoe watoto, na usijifute uso kwa mkono uliofanya kazi. Likitokea la kutokea, osha jicho kwa maji safi yanayotiririka kwa muda mrefu, kisha nenda hospitali hata kama maumivu yametulia.

Kwa wengine mtakaouliza: mwembe upogolewe mara baada ya mavuno, wakati mvua bado ipo, kwa sababu maua ya katikati ya mwaka hutoka kwenye ncha za vitawi vilivyokwisha kukomaa, na ukikata Mei au Juni umekata maembe ya mwaka huo. Utomvu wa mwembe nao huwasha ngozi za baadhi ya watu. Mjakaranda uguswe kidogo iwezekanavyo, kwa kuwa kila mkato mkubwa hujibiwa kwa fito za wima zinazoharibu umbo lake la asili. Ashoki isikatwe ncha hata kidogo, maana umbo lake lote ni ile ncha moja inayopanda. Matawi makavu hayana msimu.

MCHANGIAJI WA IPULI

Mkuu, naunga mkono, lakini vijana tutaishi kwa kujitolea? Naomba kufahamu kuni zitakazopatikana zitakuwa za nani. Mwembe mmoja una kuni nyingi, na mkaa una bei. Kikundi kikiuza kuni kitapata fedha za misumeno na hata nauli za wanachama.

MLETA UZI

Mdogo wangu wa Ipuli, swali lako ni la haki, na nitakujibu kwa msimamo ambao nitaupigania hata kama nitabaki peke yangu: mwanachama asiondoke na kuni, na kikundi kisiuze kuni. Kuni za mti wa mtu ni za mwenye mti. Za mti wa umma ziamuliwe na mwenye mamlaka juu yake, kwa maandishi, kabla ya siku ya kazi. Vitawi vidogo na majani vibaki chini ya mti viwe matandazo, vitunze unyevu kipindi cha kiangazi. Sababu yangu ni hii: siku kipato cha kikundi kitakapotokana na uzito wa kilichoangushwa, matawi manene yataanza kuonekana yana kasoro. Hakuna katiba itakayozuia jicho la mtu lisivutwe huko, na mji huu umezungukwa na misitu ya miombo inayopungua kwa sababu ya mkaa na ukaushaji wa tumbaku, kwa hiyo tunajua kuni ikiwa fedha nini hufuata.

Kuhusu riziki yako, jambo lipo. Atakayejifunza vizuri atapata wateja wake binafsi, na hilo lisikatazwe. Wapo wenye nyumba watakaomlipa kwa furaha kijana anayeweza kuwaeleza kabla ya kupanda atakata wapi na kwa nini. Kitakachokatazwa ni kutumia siku ya kikundi kwa kazi ya malipo.

MCHANGIAJI WA KILOLENI

Naomba kuongeza jambo dogo kama mfuga nyuki. Miembe mizee ina mapango, na mapango yana nyuki. Msiende na msumeno kabla ya kusikiliza shina. Mkikuta nyuki, msiwachome moto. Hapa Tabora kuna Chuo cha Ufugaji Nyuki, na kuna wafugaji wengi; tuiteni, tutawahamisha jioni.

MCHANGIAJI WA UJIJI

Salaam kutoka Kigoma. Nasi tunalo hitaji hilihili. Pale Ujiji, kwenye kumbukumbu ya mahali Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871, miembe iliyopo inaelezwa kuwa uzao wa ule wa awali, na wageni huipiga picha. Lakini miembe ya mitaani, iliyo na umri mkubwa vilevile, inakatwa vichwa kama huko kwenu. Mkianza, tuwekeeni hatua zenu hapa ili nasi tuzifuate. Mtaanzaje na ofisi za serikali?

MLETA UZI

Ndugu wa Kiloleni, nimeliandika hilo la nyuki kama sharti: kila mti mzee ukaguliwe na mfuga nyuki kabla haujaguswa.

Ndugu wa Ujiji, karibuni. Hatua ninazozipendekeza ni hizi. Wale watakaojitokeza tuandike katiba fupi, tupate barua ya utambulisho kwa mtendaji wa mtaa na wa kata, kisha tumwone afisa maendeleo ya jamii wa manispaa kwa ajili ya usajili, na afisa anayehusika na misitu na mazingira kwa ajili ya kibali. Miti iliyo katika hifadhi ya barabara ina wenyewe: barabara za mitaa ziko chini ya TARURA na barabara kuu ziko chini ya TANROADS, na tusiiguse bila ruhusa yao hata kama tunaona tawi kavu. Tawi lililo karibu na nyaya za umeme haliguswi na mwanachama yeyote kwa zana yoyote, kwa kuwa umeme hupita kwenye tawi bichi na kwenye msumeno wenye mpini mrefu. Tutaripoti kwa shirika la umeme na kusubiri.

Napendekeza pia kwamba katika msimu wa kwanza tusipande juu ya mti kabisa wala tusitumie msumeno wa mashine. Kuna kazi ya kutosha inayofikika ukiwa umesimama chini, hasa kwenye miti michanga ya viwanja vya shule na zahanati, ambayo ikirekebishwa sasa kwa mkasi haitahitaji msumeno baadaye. Mkato wenye upana wa kidole hufungwa na mti upesi sana. Mkato wenye upana wa sahani huenda usifungwe kamwe. Kwa hiyo mti wa miaka mitatu unastahili kutangulia kwenye ratiba yetu kuliko mwembe mkubwa unaotuvutia macho.

Walio tayari wajibu hapa kwa kutaja kata zao. Darasa la kwanza litakuwa la kutazama tu: tutatembea Kanyenye na Gongoni tukisoma makovu ya miti, na kila mmoja aoneshe shingo ya tawi kwa kidole kabla hajakabidhiwa zana. Kwa siku ya kazi itakayofuata, mwenye mkasi wa kupogolea aje nao, mwenye msumeno wa mkono wenye meno makali aje nao, na tutahitaji spiriti na vitambaa vya kufutia zana tunapotoka mti mmoja kwenda mwingine ili tusihamishe magonjwa. Mapanga yabaki nyumbani.